Uyoga mkavu: tujue kwanza ulichumwa na nani

Mwezi huu tunapenda kuzungumzia mboga inayoning'inia juu ya mafiga katika nyumba nyingi za huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, yaani uyoga wa porini uliokaushwa. Akina mama wanaokuja kliniki hutuuliza mara kwa mara kama uyoga huo una faida yoyote mwilini, au ni wa kujazia tumbo tu wakati mboga za majani zimeadimika. Swali hilo ni zuri na linastahili jibu refu kuliko lile tunalolitoa mezani huku foleni ikisubiri.

Tuseme wazi tangu mwanzo kwamba hatukubaliani na watu wa aina mbili. Wa kwanza ni wale wanaouonea haya uyoga. Mgeni akifika, mfuko wa uyoga hufichwa na mtoto hutumwa dukani kununua nyama kwa fedha ya ada. Wa pili ni wale wanaoupandisha uyoga cheo hata ukawa dawa ya kila ugonjwa, wakauuza katika vipakiti kwa bei kubwa. Sisi wauguzi tunaona kwamba uyoga mkavu ni chakula, tena chakula kizuri cha akiba, kwa sharti moja ambalo tutalieleza hapa chini na ambalo kwa maoni yetu halizingatiwi tena kama zamani.

Kwanza tukumbuke uyoga wetu unatoka wapi. Mwingi huota katika misitu ya miombo kuanzia mvua za Desemba hadi Aprili. Nyuzi zake nyembamba zimeshikamana na mizizi ya miti kama mtundu, myombo na mkusu. Mti huupa uyoga sukari, na uyoga huusaidia mti kufyonza maji na madini ardhini. Ndiyo sababu uyoga wa namna hiyo haukubali kulimwa bandani kama ule wa mamama unaooteshwa kwenye pumba na majani makavu. Ukikata miombo yote kwa ajili ya mkaa au kukaushia tumbaku, uyoga nao umekwisha, hata mvua inyeshe namna gani. Uyoga wa kichuguu una mambo yake. Huo hulishwa na mchwa wenyewe, ambao hutafuna miti na majani makavu na kuotesha kuvu ndani ya nyumba yao. Mvua ikinyesha, kofia hutokeza juu ya ardhi.

Sasa tuje kwenye lishe. Uyoga mbichi ni maji karibu sehemu tisa katika kumi, kwa hiyo ndoo nzima ikikaushwa hurudi mikononi mwako ikiwa kiasi cha kushangaza kwa udogo. Kilichobaki ndicho chakula chenyewe. Katika gramu 100 za uyoga mkavu kuna protini kati ya gramu 15 na 30 kutegemea aina, na kwa hesabu hiyo wapo wanaosema kwamba uyoga ni sawa na nyama au maharage. Hapo tunaomba tupige hesabu ya mezani, siyo ya kwenye kitabu. Mtu mmoja akila uyoga mkavu, hali gramu 100. Anakula gramu 20 hivi, yaani konzi moja. Hizo humpatia gramu 3 hadi 6 za protini, kama nusu yai au yai moja. Kikombe kimoja cha maharage yaliyopikwa humpatia kama gramu 15. Kwa hiyo mama anayempa mtoto ugali na mchuzi wa uyoga peke yake kwa wiki nzima, akiamini kwamba amempa nyama, hajamkinga na kwashakoo. Uyoga uende pamoja na karanga au maharage. Hapo utakuwa umefanya kazi yake.

Na kazi yake ipo. Uyoga una vitamini za kundi B, hasa niasini, ambayo ni ya maana sana kwa watu wanaokula mahindi kila siku kama sisi. Mahindi yana niasini, lakini imefungwa kwa namna ambayo tumbo la binadamu haliwezi kuifungua vizuri. Anayekula ugali mtupu kwa miezi mingi huweza kupata pelagra. Ngozi hubabuka na kuwa nyeusi shingoni, mikononi na mahali pote panapopigwa na jua, mtu huhara, na mwishowe akili huchanganyikiwa. Hatuzungumzii ugonjwa wa mbali. Mwaka 1990, hapo jirani Malawi, zaidi ya wakimbizi 17,000 kutoka Msumbiji walipata pelagra makambini, kwa sababu walikuwa wakipewa mahindi na ule mgawo wa karanga uliokuwa ukiwapatia niasini ulikatika. Bibi zetu waliokuwa wakitia karanga zilizotwangwa katika chungu cha uyoga hawakujua neno niasini, lakini chungu chao kilikuwa nayo kutoka pande mbili.

Faida nyingine huletwa na jua. Ndani ya uyoga kuna kitu ambacho kikipigwa na mwanga wa jua hugeuka kuwa vitamini D, ile inayosaidia mifupa kushika madini. Mtoto anayecheza nje hutengeneza vitamini hiyo kwa ngozi yake mwenyewe na hana haja ya kuitafuta chunguni. Lakini katika parokia zetu kuna wazee na wagonjwa wa muda mrefu ambao hawatoki ndani kwa miezi. Kwa hao, uyoga ulioanikwa juani una faida ambayo ule uliokaushwa kwa moshi juu ya mafiga hauna. Anayetaka kuipata aukate uyoga ungali mbichi na aupange juu ya mkeka au chanja huku ile mistari iliyo chini ya kofia ikitazama juu.

Tuseme neno juu ya kuanika, maana hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Uyoga usiloweshwe maji kabla ya kuanikwa. Ufutwe udongo kwa kitambaa au ukwanguliwe kwa kisu. Usianikwe kando ya lami penye vumbi na moshi wa magari. Siku mbili au tatu za jua kali hutosha kama vipande ni vyembamba, na jioni uingizwe ndani usipate umande. Umekauka pale unapovunjika kwa mlio kama bisi, siyo unapokunjika kama ngozi. Uhifadhiwe katika debe au ndoo yenye mfuniko, na kila baada ya wiki chache utazamwe. Ukiona ukungu au ukisikia harufu ya uvundo, tupa wote. Kuuanika tena hakuondoi sumu iliyoachwa na ukungu.

Kuhusu kuupika hatuna mengi ya kuwafundisha akina mama wa huku, ila mambo mawili matatu. Uyoga mkavu uoshwe haraka kwa maji baridi, kisha uloweke katika maji ya uvuguvugu kwa muda wa nusu saa. Mchanga utazama chini. Uchemshwe sawasawa kwa nusu saa nyingine, kwa sababu nyama yake ina nyuzi ngumu ambazo tumbo haliziwezi zikiwa nusu mbichi, na maumivu mengi ya tumbo baada ya kula uyoga mwema husababishwa na haraka ya mpishi. Baadhi ya aina za uyoga wa miombo ni kali ulimini, na wenyeji huzichemsha na kumwaga maji ya kwanza. Desturi hiyo ifuatwe. Kisha vitunguu, nyanya, na karanga zilizotwangwa ziingie mwishoni, moto ukiwa mdogo. Konzi sita au saba za uyoga mkavu zinatosha familia ya watu sita, na hiyo ni mboga safi kabisa ya Ijumaa. Watoto wa chini ya miaka miwili sisi tunashauri wasipewe kabisa. Wakubwa kidogo wapewe kiasi kidogo kilichopikwa sana na kupondwa.

Sasa tuje kwenye lile sharti. Wengi wanaamini kwamba uyoga wenye sumu ukikaushwa, sumu yake hutoka pamoja na maji. Jambo hilo si kweli, na tunaomba lisemwe katika kila jumuiya ndogondogo. Sumu ya uyoga unaoua haikaushwi na jua wala haiishi kwa kuchemshwa, hata ukiupika tangu asubuhi hadi jioni na kumwaga maji mara tatu. Vipimo vingine vinavyosemwa navyo ni vya uongo. Kuna wanaosema uyoga ulioliwa na wadudu au konokono ni salama. Tumbo la konokono si tumbo la mtu. Wengine hutia kitunguu au sarafu ya fedha chunguni wakisubiri ibadilike rangi. Hakuna kitunguu wala sarafu inayoujua uyoga.

Anayeujua uyoga ni mtu, na huujua ukiwa mbichi, umesimama mahali ulipoota. Hutazama rangi ya kofia na mistari iliyo chini yake. Hutazama kama shina lina pete, na hufukua kidogo kuona kama chini udongoni kuna kifuko kama kikombe. Hutazama uko chini ya mti gani. Uyoga wa kichuguu huvutwa taratibu ili uonekane ule mzizi wake mrefu unaoshuka hadi kwenye nyumba ya mchwa. Yule mkubwa mweupe wa kwenye nyasi, ambao humtapisha mtu vibaya, hujulikana ukikomaa kwa sababu mistari chini ya kofia hugeuka kuwa ya kijani. Yule mwekundu wenye madoa meupe unaokuja na misonobari ya kupandwa, hata mtoto anaweza kuukwepa. Lakini katika ukoo uleule ambao wataalamu huuita Amanita kuna uyoga unaoua na kuna uyoga unaoliwa. Mwaka 1994 wataalamu walielezea kwa mara ya kwanza aina mpya za ukoo huo kutoka Tanzania, mmojawapo ukapewa jina la Masasi, na huo unaliwa. Mtu hawezi basi kusema kwamba ukoo wote ni mwema au wote ni mbaya.

Ukisha kukauka, alama hizo zote zimekwenda. Kofia imesinyaa na kuwa ya kahawia, pete imekatika, kikombe kimebaki msituni, na mti uliokuwa umesimama juu yake hauonekani. Na ukisha kutwangwa kuwa unga, hata bibi aliyechuma uyoga kwa miaka 60 hawezi kukuambia ni nini. Hii ndiyo sababu tunashikilia kwamba usalama wa uyoga mkavu umo katika mkono uliouchuma, na kwamba asiyeujua mkono huo asiule.

Hospitalini tulipata kupokea familia iliyokula uyoga mkavu ulionunuliwa safarini. Walitapika usiku kucha, na kwa neema ya Mungu wote walirudi nyumbani. Tulipouliza ulikuwa uyoga wa namna gani, mama alitoa mfuko wa nailoni wenye vipande vilivyovunjikavunjika kama majani ya chai. Muuzaji alikuwa amenunua kwa mtu mwingine, na huyo hakujulikana. Daktari aliwatibu bila kujua anapambana na sumu gani. Kwa bahati njema ilikuwa miongoni mwa zile nyepesi.

Tunajua kwamba akina mama wengi hupata ada na sabuni kwa kuuza uyoga kando ya barabara kuu, na hatuandiki haya ili kuwanyima riziki. Tunachoomba ni kwamba uyoga wa kuuza ukaushwe mzima, au ukatwe mara mbili tu ili umbo lionekane, na kila aina iwekwe peke yake. Muuzaji auze uyoga aliouchuma mwenyewe au uliochumwa na mtu anayemjua kwa jina. Mnunuzi naye aulize bila kuona haya: umeuchuma wapi, chini ya mti gani, na nyumbani kwako mnaula? Mwenye kuuza kwa haki hatakasirika. Unga wa uyoga wa porini usinunuliwe kabisa. Anayependa kutwanga autwange mwenyewe nyumbani kwake, kutoka katika uyoga anaoujua.

Liko jambo jingine linalotutia wasiwasi zaidi ya biashara. Zamani msichana alikwenda msituni na bibi yake kila masika, na kabla hajaolewa alikuwa anajua uyoga wa kwao kwa majina. Sasa watoto wako shule za bweni miezi ile ile ya uyoga. Wakirudi likizo huokota walichokiona, wakakianika, na kikaingia katika mfuko mmoja na ule wa bibi. Mwaka 2003 Marja Härkönen na Tuomo Niemelä wa Ufini, pamoja na Leonard Mwasumbi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walitoa kitabu kizima juu ya uyoga wa Tanzania, na sehemu kubwa ya majina ya kienyeji na habari za uyoga unaoliwa waliipata kwa wanavijiji wenyewe. Ikiwa wasomi walisafiri kutoka Ulaya kuja kuwasikiliza wazee wetu, si vibaya wajukuu wao nao wakawasikiliza. Katika kila nyumba iwe amri kwamba hakuna uyoga unaopanda chanja kabla mzee anayeujua hajaushika na kuukubali mmoja mmoja. Tungependa WAWATA walichukue jambo hili katika mikutano yao mvua zinapoanza.

Hata uyoga mwema una mahali pa kuuacha. Uyoga hufyonza metali nzito kutoka ardhini kuliko mboga nyingine nyingi. Usichumwe kando ya barabara kuu, kwenye mashamba yaliyopuliziwa dawa, wala karibu na machimbo ya dhahabu yanayotumia zebaki kama yale ya Chunya.

Tumalizie na wale wenye vipakiti. Ni kweli kwamba katika uyoga wa aina fulani wataalamu wamepata vitu vyenye nguvu ya dawa. Japani, mwaka 1985, kitu kiitwacho lentinani, kilichotolewa katika uyoga wa shiitake, kilikubaliwa kama sindano ya kusaidia matibabu ya saratani ya tumbo. Lakini angalieni: kilisafishwa kiwandani, kikadungwa mshipani kwa kipimo, pamoja na dawa nyingine za saratani. Haifuati kwamba unga wa kahawia katika kipakiti unatibu saratani, kisukari au UKIMWI. Anayetumia dawa za kufubaza virusi, za kisukari au za shinikizo la damu asiache hata siku moja kwa ajili ya uyoga. Mwenye ugonjwa wa figo amwulize daktari kwanza kabla ya kuula, kwa kuwa uyoga mkavu una potasiamu nyingi ambayo figo dhaifu hazimudu kuitoa, na damu ikijaa potasiamu moyo huweza kusimama. Mwenye jongo ale kidogo.

Ikitokea mtu amekula uyoga akaanza kutapika, kuhara au kuchanganyikiwa, msimpe mafuta wala maziwa, na msimtie kidole kooni. Apewe maji yenye chumvi na sukari kidogo kidogo kama anaweza kumeza, na aletwe hospitali upesi. Zingatieni saa. Kutapika kunakoanza baada ya saa moja au mbili mara nyingi ni kwa sumu nyepesi. Kunakoanza baada ya saa sita au zaidi, hata siku nzima, ndiko kwa kuogopwa, kwa kuwa sumu inayoua ini hukaa kimya kwanza. Mgonjwa wa namna hiyo huweza kupata nafuu siku ya pili, akaomba uji na kutaka kurudi nyumbani, kumbe ini linaharibika; siku ya tatu au ya nne macho huwa ya njano na damu hukataa kuganda. Kwa hiyo msimtoe wodini kwa sababu ameketi na kuzungumza. Waleteni wote waliokula chungu kile, hata wasioumwa, na mje na mabaki ya mboga pamoja na uyoga uliobaki mfukoni, kama ulivyo, bila kuuosha.